Dawa Inayouma Kabla ya Kupoza

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Hapa kwetu Eastlands malaria haifichwi, wala jino, wala tumbo la kuendesha. Kijana akivunjika mguu akicheza mpira pale Camp Toyoyo, mtaa mzima huja kumpa pole. Lakini mtu akiugua ndani kwa ndani, akose usingizi, akose hamu ya chakula na kulia bila sababu, hapo midomo hufungwa. Wataambiana kwamba "anafikiria sana" au kwamba amerogwa. Na akionekana na vidonge, basi! Watanong'ona kwamba karibu apelekwe Mathari. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1910 wakati wa ukoloni, na hadi leo jina lake hutumiwa mitaani kama tusi.

Ugonjwa ninaousema huitwa unyogovu, na wengine huuita sonona. Mimi naujua kwa sababu uliingia nyumbani kwetu Jericho mwaka 2023, mwaka mmoja baada ya baba kutuaga dunia. Nilipomwomba Mama ruhusa ya kuandika makala haya, alinijibu, "Andika tu, mwanangu. Pengine kuna mtu atasaidika."

Mama ni fundi wa cherehani. Kabla ya ugonjwa, cherehani yake ilikuwa ikilia mpaka saa nne za usiku, hasa mwezi wa Januari wazazi wanapotaka sare za shule. Mwaka huo ilinyamaza. Vitambaa vya wateja vikarundikana kitandani, naye akawa anashinda amelala mchana na kukesha usiku. Chakula alikigusa tu. Siku moja alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mzigo kwetu. Shangazi aliposikia hayo hakungoja kesho, alimshika mkono wakaenda kituo cha afya, nami nikafuatana nao.

Daktari alimwuliza maswali mengi kwa upole, kisha akampa fluoksetini: miligramu 10 kwa siku wiki ya kwanza, halafu miligramu 20. Ameze asubuhi baada ya chai, kwa maana ikimezwa jioni huweza kufukuza usingizi. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mama, hii si dawa ya kichwa, kwamba unameza saa hii na saa ijayo umepoa. Hesabu wiki nne mpaka sita. Na hizi wiki za kwanza itakusumbua kabla ikusaidie. Usiiache bila kuniona."

Naam, ilimsumbua. Siku ya tatu alianza kichefuchefu. Kichwa kikamwuma, jasho likamtoka usiku, na usingizi ule mdogo uliobaki ukapungua. Lililomwuma zaidi ni mikono. Ilitetemeka hata akashindwa kutunga uzi katika sindano, kazi ambayo aliifanya tangu usichana wake bila hata kutazama. Mama mmoja jirani akaja akamwambia, "Wewe, achana na hizo dawa. Si unaona zinakumaliza? Ulikuwa na huzuni tu, sasa unatetemeka!"

Ukifikiri, jirani hakukosa macho. Alichokosa ni kalenda. Dawa hii hutoza bei yake kwanza, na faida huileta baadaye. Ndiyo sababu watu wengi huitupa katika wiki ya pili, wakati taabu yote wameshaionja na nafuu bado iko njiani. Kisha husema, "Nilijaribu, haikunisaidia."

Shangazi aliniambia nichukue daftari la hesabu nichore safu: tarehe, kidonge, usingizi, chakula, mikono. Kila jioni nilimwuliza Mama na kuandika. Siku ya 14 tulilipeleka daftari kwa daktari. Alilisoma lote, akasema kwamba kichefuchefu na maumivu ya kichwa kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja au mbili, na kwamba kumeza pamoja na chakula husaidia. Akatuonya pia: ikiwa mgonjwa atapata vipele mwili mzima, au ahangaike asiweze kutulia, au aanze kusema habari za kujidhuru, tusingoje siku ya kliniki, tuje siku hiyo hiyo.

Bado ninalo daftari hilo. Siku ya 19 nimeandika: "Amemaliza ugali." Siku ya 26: "Amelala mpaka saa kumi na moja." Siku ya 33 nilitoka shule, na kabla sijafika mlangoni nikasikia cherehani. Nilisimama hapo nje kidogo, nikaisikiliza.

Kwa nini dawa ichelewe hivyo? Katika ubongo mna kemikali iitwayo serotonini, ambayo hupeleka habari kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Fluoksetini huizuia isirudishwe upesi ndani ya seli ilikotoka. Jambo hilo huanza mapema, lakini ubongo wenyewe hujirekebisha polepole, kwa wiki kadhaa. Dawa za kwanza za aina hii ziligunduliwa kwa bahati: mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Fluoksetini yenyewe iliidhinishwa Marekani Desemba 1987 kwa jina la Prozac.

Wengine hupewa amitriptilini, ambayo ni ya zamani zaidi. Hiyo humezwa usiku kwa kuwa huleta usingizi. Hukausha mdomo, hufunga choo, hutia macho ukungu, na mtu akiinuka ghafla kitandani huona kizunguzungu. Dereva wa matatu anayeianza asishike usukani mpaka ajue inavyomfanya. Tena ikimezwa kupita kiasi huweza kuharibu mapigo ya moyo na kuua. Kwa hiyo ifungiwe kabatini mbali na watoto, na kama mgonjwa amewahi kusema hataki kuishi, mtu mwingine wa nyumbani amtunzie dawa.

Kuna hatari nyingine, nayo ni kuchanganya. Hapa mtaani mtu akiumwa mgongo huenda duka la dawa akaomba "kitu cha maumivu". Akipewa tramadoli hali anatumia fluoksetini, serotonini huweza kuzidi mwilini: hutetemeka, hupata homa, moyo humwenda mbio, na akili huvurugika. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Hata dawa mseto ya malaria huweza kugongana na baadhi ya dawa za unyogovu, hasa kwa upande wa mapigo ya moyo. Mkienda ushago na mgonjwa akashikwa na homa, basi mwambieni daktari wa huko anachomeza. Pombe nayo huzidisha usingizi na kuuchochea unyogovu wenyewe.

Na sisi vijana, tusikilize vizuri. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo kali kwamba kwa watoto na vijana zinaweza kuzidisha mawazo ya kujiua, hasa mwanzoni. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Maana yake si kwamba ni sumu. Maana yake ni kwamba kijana anayepewa na daktari aangaliwe kwa karibu katika wiki za kwanza na kila kipimo kinapobadilishwa. Basi usimwibie mama yako kidonge ukampe rafiki aliyeachwa na mpenzi. Mpeleke huyo rafiki kwa mwalimu au mtu mzima unayemwamini.

Mwezi wa nne Mama alijisikia mzima, akataka kuacha. "Si nimepona? Za nini tena?" Daktari alimweleza kwamba kujisikia vizuri ni kazi ya dawa, na kuiacha mapema ni kama kubomoa jukwaa la mafundi kabla saruji haijakauka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri mgonjwa aendelee mpaka akae miezi 9 hadi 12 bila dalili, kisha apunguziwe polepole. Anayekatiza ghafla huweza kupata kizunguzungu, hasira na ndoto za kutisha, akadhani ugonjwa umerudi. Daktari alimwuliza pia, faraghani, kama kuna jambo lolote analoona haya kulisema. Baadaye nilifahamu kwamba dawa hizi huweza kupunguza hamu ya unyumba, na watu wazima wengi huziacha kimyakimya kwa sababu hiyo, ingawa daktari angeweza kubadilisha dawa au kipimo.

Mama alimaliza dawa mapema mwaka 2025, kidogo kidogo, daftari likiwa mezani. Sisemi ni vidonge peke yake vilivyomsimamisha. Kulikuwa na Shangazi, kulikuwa na akina mama wa chama waliokuja kuketi naye hata alipokuwa hasemi, na kulikuwa na kazi yake. Lakini najua pia kwamba bila vidonge hivyo asingekuwa na nguvu ya kuwafungulia mlango.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna mtu aliyeanza dawa hizi, usimcheke, wala usimwombe aziache kwa kumhurumia. Chukua daftari, mhesabie siku. Yule mama jirani yetu alikuja tena mwezi uliopita, jioni, leso kaivuta mpaka usoni. Alitaka kujua kliniki ile hufunguliwa siku gani, na kama mtu anaweza kusindikizwa. Mama alizima cherehani akamwambia, "Kesho saa mbili. Tutaenda pamoja."