Siku ya kutafuta stendi ya studio Kariakoo

Kariakoo ina duka la kila kitu, mradi kitu hicho kiwe na jina. Ukitaka sufuria utaonyeshwa mtaa. Ukitaka kanga au kitenge utaambiwa nenda Uhuru. Lakini simama Msimbazi useme unatafuta stendi ya kutundikia pazia la kupigia picha, tena ya bei ya chini, uone utakavyotazamwa. Zipo za kiwandani, zinauzwa pamoja na taa na mfuko wake wa zipu, na anayeziweza azinunue. Wifi yangu hakuziweza. Ndiyo maana Jumanne moja tulipanda daladala Mbagala tukiwa na karatasi ya daftari, futi ya fundi cherehani, na picha ya stendi kwenye simu.

Niseme kidogo habari za wifi. Kwa miaka minne alikuwa na fremu ndogo kando ya barabara, akipiga pasipoti saizi, picha za watoto na za familia. Mwenye fremu akapandisha kodi na kutaka ya miezi sita kwa mkupuo. Wifi akatoka na kamera yake, kiti kimoja na namba za wateja. Kamera ikikaa kabatini katika nyumba yenye watoto watatu wa shule, haikai salama. Kaka yangu alishasema, tena bila ukali, kwamba mwezi ukiisha bila kazi itauzwa, ada ilipwe.

"Wifi, mimi nikipata pazia tu, nimerudi kazini," aliniambia.

Pazia lenyewe si shida. Shida ni mahali pa kulitundika. Wanakaa vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, ile yenye korido katikati na vyumba kushoto na kulia, halafu uani. Mwenye nyumba hataki kusikia habari za msumari ukutani. Sebule ndiyo hiyo hiyo wanayolala watoto. Kwa hiyo kitu tulichokuwa tunakitafuta kilipaswa kusimama chenyewe, kisimwangukie mtoto, na jioni kivunjwe kisimamishwe kwenye kona. Chumba ni futi 10 kwa 10, yaani mita 3 kila upande, na dari liko juu kidogo ya mita 2 na nusu. Wifi aliandika vipimo vitatu kwenye ile karatasi: nguzo mita 2.2, fito ya juu mita 2.4, na chini yake akapigia mistari miwili, "kisianguke".

Tulishuka Gerezani, kwa mafundi wa kuchomelea. Ukifika pale masikio yanatangulia macho: nyundo, mashine za kukatia chuma, na redio inayojaribu kushindana navyo. Fundi mmoja aliitazama picha kwenye simu, akakamata chaki, akachora chini: skwea paipu mbili, miguu minne minne, fito imeshonwa moja kwa moja. Ilikuwa kazi nzuri, na kwa mtu mwenye banda lake ningemshauri aichukue. Lakini haivunjwi, na uzito wake unahitaji wanaume wawili. Wifi akashukuru.

"Dada, chuma hakikudanganyi," fundi akasema.

"Najua kaka, ila na mimi sina pa kukilaza."

Tukaingia mitaa ya ndani, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Hapa niwape ushauri wa bure: usiseme unatengeneza studio. Sema unataka bomba, elbo na tii kama mtu anayekwenda kufunga maji, utahudumiwa haraka na kwa bei ya kawaida. Kijana wa dukani alitupa bomba la plastiki la inchi moja, akasema hilo linatosha nguzo na fito. Wifi akamwomba alishike ncha moja, yeye akashika nyingine, mimi nikatundika mkoba wangu katikati. Bomba likajipinda kama upinde. Plastiki ikisimama wima inajitahidi, lakini ukiilaza mita 2 na zaidi na kuitwika kitambaa inalegea, na pazia lililolegea katikati linaonekana kwenye picha hata kwa asiyejua kamera. Tukabadilisha: nguzo mbili za plastiki nene zaidi, na fito ya juu ikawa bomba jepesi la chuma, lile la kutundikia mapazia ya madirisha. Juu ya kila nguzo tii, fito inapita humo. Hakuna gundi hata tone.

Tukanunua pia kipande kifupi cha bomba lililo pana kuliko nguzo, kikakatwa mara mbili. Hapo pana siri yote ya kazi hii. Unachukua ndoo mbili za rangi za lita 20, unasimamisha kipande hicho katikati ya kila ndoo, unaziba tundu la chini kwa mfuko wa plastiki, kisha unamimina zege kiasi cha robo ndoo. Lita 5 za zege zina uzito wa kilo 12 hivi. Ukiijaza ndoo nzima utapata karibu kilo 50, na hapo utakuwa umejenga msingi wa nyumba. Zege likikauka, nguzo inaingia kwenye kile kipande na kutoka, kama mwavuli kwenye kishikio chake. Ikicheza, zungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Mabomba yalikatwa palepale dukani, kwa sababu hakuna konda atakayekupandisha na bomba la mita 6.

Kisha kitambaa. Tulikatiza kuelekea Uhuru, tukilipita jengo la soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lile lililoungua Julai 2021. Jina lenyewe la Kariakoo ni la wabeba mizigo: ni Carrier Corps ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ikatamkwa Kiswahili. Sisi wawili na mabomba yetu begani tulilitendea haki jina hilo.

Wifi alitaka marekani, na nilifurahi, kwa sababu kitambaa hiki kimeishi pwani yetu kuliko hata Dar es Salaam yenyewe. Ni pamba tupu isiyong'arishwa. Meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilikileta Zanzibar katika karne ya 19. Marekani ilitia saini mkataba na Sultani Said mwaka 1833, na balozi wake mdogo wa kwanza, Richard Waters, akafika mwaka 1837. Shehena zikawa nyingi hata nguo ikachukua jina la nchi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko vya 1861 hadi 1865 viliikata njia hiyo, vitambaa vya viwanda vingine vikajaza pengo, lakini jina halikuondoka. Kwa mpiga picha sifa yake ni moja kubwa: haing'ai. Vitambaa vya nailoni na satini ni rahisi kunyoosha, ila vinarudisha mwanga na kuacha madoa meupe nyuma ya kichwa cha mtu.

Mzee wa dukani alituona wanawake wawili tunaulizia mita 9 za marekani. Akateremsha sauti.

"Poleni sana na msiba, wanangu."

"Hatujafiwa, baba. Ni ya kupigia picha."

Alicheka, akatupunguzia bei, nadhani kwa kuona haya. Hata hivyo alikuwa na hoja. Kitambaa kile kikining'inia kilivyo, wateja wengi watakumbuka sanda kabla ya kukumbuka picha. Wifi alikuwa ameshalifikiria hilo: angekichovya rangi nyeusi iliyozimuliwa, kama wafanyavyo watengenezaji wa batiki, kitoke kijivu. Hesabu ya mita 9 ni hii: mita 2.2 za kushuka, na nyingine kama 1.8 za kutandazwa sakafuni ili mtu asimame juu yake na mstari wa ukuta na sakafu usionekane. Hiyo ni 4. Kitambaa chetu kilikuwa na upana wa mita 1.25, kwa hiyo vinahitajika vipande viwili vilivyounganishwa kwa mshono wa wima, ambao mtu anayepigwa picha huuficha kwa mwili wake. Inayobaki ni ya pindo na ya kusinyaa, maana pamba ni lazima ioshwe kabla ya kushonwa.

Asidhani mtu kwamba studio ya nyumbani ni jambo la kujishusha. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, ambaye leo picha zake zinaning'inia kwenye makumbusho makubwa, alifungua studio yake mwaka 1948 na kupiga picha uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake lenye nyuzi za pindo. Baadaye akawa analibadilisha kila baada ya miaka michache, na leo pazia lililoko nyuma ya mtu linasaidia kujua picha ilipigwa lini. Nasi huku tuna wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, ambao miaka ya 1990 walipamba vibanda vyao kwa michoro ya meli na ndege. Abiria wa feri alitoka pale na picha yake akiwa safarini Ulaya.

Konda wa daladala ya kurudi alitaka mabomba yalipe nauli. Walibishana na wifi hadi Mtoni kwa Azizi Ali, na mimi nikalipa kiti cha tatu ili tupumzike.

Zege tuliliacha siku nne, tukilimwagia maji asubuhi na jioni. Jumapili tukasimamisha. Kitambaa kinavishwa juu ya fito na kushikwa kwa vibanio vya nguo, vile vya kamba ya kuanikia, viwili viwili kila shibiri. Wifi alinyunyiza maji kidogo, mikunjo ikajinyoosha yenyewe kilivyokauka. Tangu hapo hakikunjwi, kinaviringishwa.

Mtoto wake mdogo, wa miaka mitano, alifanya ukaguzi ambao hatukuuomba: alilishika pazia kwa chini na kuning'inia. Vibanio vikafyatuka kimoja kimoja, kitambaa kikamfunika, stendi ikabaki imesimama. Ndivyo inavyotakiwa, kinachoachia kwanza kiwe kibanio. Hata hivyo wifi aliongeza kamba mbili kutoka kwenye fito hadi nondo za dirisha. Nondo si msumari, na mwenye nyumba alipopita akaona hana la kusema.

Lililobaki lilikuwa nafasi. Mtu akiegemea pazia, kivuli chake kinaganda nyuma yake na kila kunjo linaonekana. Anatakiwa asogee mbele mita moja au zaidi. Hapo kamera imebakiwa na mita 2 tu, zinazotosha kichwa na mabega. Picha ya mtu mzima kutoka kichwani hadi miguuni, kwa kamera yake na lenzi ya milimita 35, inataka mita 3 na ushee. Dawa ilikuwa mlangoni. Pazia likakaa ukuta unaotazamana na mlango, dirisha likawa ubavuni, na wifi akatoka, akaegemea ukuta wa pili wa korido. Mita moja na nusu za bure.

Za bure kwa kusema tu. Korido ni ya wapangaji wote, na kuna mama wa chumba cha nyuma anayepitisha ndoo za maji. Walikubaliana saa nne hadi saa sita asubuhi, wakati dirisha lile lina mwanga mtulivu usio wa jua la moja kwa moja, na kwamba ndoo ikija, picha inasubiri.

Gharama zote, pamoja na nauli ya mabomba, hazikufika kodi ya mwezi mmoja ya ile fremu. Mwezi uliisha wifi akiwa amepiga familia mbili, mapacha wa siku arobaini na pasipoti saizi za vijana wanaoomba vyuo. Kaka alilipa nusu ya ada na nyingine akaombea muda. Habari ya kuuza kamera hajaitaja tena, wala sisi hatukumkumbusha.

Mama wa ndoo naye anataka picha, ya kumpelekea mwanawe aliyeko Muscat. Ila amesema hilo pazia la kijivu linamzeesha, anataka la bluu, na wifi ameniuliza Jumanne ijayo nina nafasi.