Aqua au Fit? Barabara ya Mombasa ilitujibu

Baba watoto alitaka tuuze Toyota Aqua yetu tununue Honda Fit ya haibridi kama ya shemeji, ati inakula mafuta kidogo. Desemba tulishuka Mombasa kwa magari yote mawili, kilomita 480 hivi. Tulijaza tangi hadi juu Nairobi, tukajaza tena tulipofika: tofauti haikufika lita moja. Kurudi, yote mawili yalikula zaidi, maana kutoka baharini ni kupanda karibu mita 1,700, tena tulibeba gunia la nazi.

Haibridi hufaa zaidi kwenye foleni, kila unapofunga breki na betri kupata umeme. Kwenye safari ndefu faida hupungua. Hatukuuza gari. Pesa ambazo tungeongezea zililipa karo ya Januari. Nawe mzazi, kabla ya kubadilisha gari, angalia kwanza njia unayopita kila siku.