Kavu Kwanza, Kisha Maji

Majira ya baridi niliyofika Sheffield, treni za Uingereza zilikuwa zinatambaa. Safari ya kutoka London, ambayo wenyeji walisema ni ya saa mbili na ushei, ilikula nusu ya siku. Kila treni ilipopunguza mwendo mahali pasipo na stesheni, abiria walitazamana wasiulize kitu. Sababu waliijua wote. Tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyotoka King's Cross kwenda Leeds iliacha njia kwenye kona karibu na Hatfield, ikiwa katika mwendo wa kilomita 185 hivi kwa saa. Watu 4 walifariki na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Reli ya nje ya kona ile haikuvunjika mahali pamoja. Ilisambaratika vipande zaidi ya 300 katika urefu wa mita 35 hivi. Ilikuwa imejaa nyufa zilizoanzia kwenye bega lake la ndani, pale gurudumu linapoegemea. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba reli ya kubadilishia ilikuwa imeshapelekwa pale, imelazwa kando ya njia, ikisubiri kufungwa.

Baada ya hapo nchi nzima ilianza kukagua reli zake, na kila palipotiliwa shaka treni ziliamriwa zipunguze mwendo. Amri hizo zilizidi 1,200. Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shahada ya uhandisi, nimekwenda kusomea kulika kwa vyuma, somo ambalo nyumbani niliwaeleza watu kwa shida. Uingereza ya msimu ule haikunidai maelezo. Hata mama aliyeniuzia chai asubuhi alijua reli huchoka.

Maabara yetu ilikuwa chini kabisa katika jengo la uhandisi la Mtaa wa Mappin. Ilinuka mafuta ya kukatia chuma na joto la mota. Mashine tuliyoitegemea ilijengwa juu ya mashine ya zamani ya kukerezea vyuma, ya miaka ya 1950, yenye mwili mzito usiotikisika, kisha ikaongezewa mota ya pili, jeki ya haidroliki na kompyuta. Humo tulifunga visahani viwili vyenye kipenyo cha milimita 47, vikitazamana ukingo kwa ukingo. Kimoja kilikerezwa kutoka kichwa cha reli, cha pili kutoka ukingo wa gurudumu la treni. Jeki ilivikandamiza kwa shinikizo la megapaskali 1,500, yaani tani 15 kwa kila sentimita moja ya mraba, navyo vikazunguka mara 400 kwa dakika. Kasi zao zilitofautiana kwa asilimia 1 tu, kwa kuwa gurudumu linalovuta mzigo halibingiriki tupu. Huteleza kidogo pia, na katika utelezi huo mdogo ndimo chuma huteseka.

Shinikizo hilo halikuwa la kutia chumvi. Gurudumu la behewa zito hubeba tani 10 hivi, na mahali linapokutana na reli ni eneo la sentimita moja ya mraba, wakati mwingine pungufu. Treni nzima, na watu wake na mizigo yake, husimama juu ya viraka hivyo. Hesabu ya kukokotoa kinachotokea ndani ya kiraka kama hicho aliifanya Heinrich Hertz, yule ambaye wengi wanamjua kwa mawimbi ya redio. Alikuwa na miaka 23, yuko Berlin, likizo ya Krismasi ya 1880. Niliposoma hesabu ile kwa mara ya kwanza niliipenda kama mtu anavyopenda jengo zuri. Inaonyesha kwamba chuma kikikandamizwa na chuma, msukumo unaotaka kukikata hauwi mkubwa pale juu vinapogusana bali chini kidogo, ndani. Ndiyo maana beringi iliyopakwa mafuta vizuri huanza kufa kwa ndani, uso wake ukiwa bado unang'aa. Lakini msuguano ukizidi takriban theluthi moja ya mzigo, pale penye mateso makubwa hupanda hadi juu kabisa. Reli kavu iko katika hali hiyo.

Fundi mkuu wa maabara alikuwa mzee wa Sheffield aliyeanza kazi kiwandani akiwa kijana mdogo. Hakuwa na shahada, na sikuona profesa aliyefunga jaribio bila kumwuliza. Alinifundisha kusafisha visahani kwa asetoni ndani ya chombo kinachotetemesha kimiminika, kuvikausha, na kuvipima kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, bila kuvigusa kwa vidole, maana hata mafuta ya ngozi yana uzito. Alinifundisha pia kusikiliza. Jaribio la kavu lilianza kwa mlio laini, halafu visahani vikashikana, mlio ukawa mzito, na unga wa chuma wa rangi ya kahawia iliyoiva ukaanza kudondoka kwenye trei. Akiwa upande wa pili wa chumba, ameipa mashine mgongo, aliweza kusema, "Sasa kimeanza kulika."

Majaribio yenyewe yalikuwa ya namna tatu, na matokeo yake yalishajulikana kabla yangu. Nilitakiwa kuyarudia kwa vyuma vingine. Ukiendesha visahani vikavu mwanzo hadi mwisho, vinalika sana, vinamwaga magamba, lakini nyufa zake hubaki fupi. Ukiviendesha na maji tangu mwanzo, tone baada ya tone, msuguano unashuka na visahani vinadumu muda mrefu sana. Lakini ukianza kavu kwa mizunguko mia chache, kisha ukafungulia maji, chuma kilekile kinaharibika kwa muda mfupi wa kutisha. Juu ya kisahani palikuwa na kihisi chenye koili, kikipitisha mkondo wa umeme ndani ya chuma. Ufa ulipofika kina fulani mkondo uliyumba, na mstari kwenye skrini ukaruka. Mara ya kwanza kuuona ukiruka nilisimama wima. Kwa macho, kisahani kilikuwa kizima.

Sababu ilionekana baada ya kukikata. Tulikikata kisahani, tukakigandisha kwenye bakelaiti, tukakisugua kwa msasa mkali hadi ule laini kabisa, tukakimalizia kwa dawa yenye chembe za almasi mpaka kikawa kioo, kisha tukakipaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti. Kazi hii inachosha, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa kama kuifanya nyumbani kwake, kwani ni mtu wa Sheffield, Henry Clifton Sorby, aliyeng'arisha chuma, akakimwagia asidi na kukitazama kwa hadubini mwaka 1863, akaonyesha dunia kwamba chuma kina mpangilio ndani yake. Chuma cha reli kimejengwa kwa tabaka nyembamba mno, laini na ngumu zikipokezana. Mbali na uso tabaka hizo zilielekea kila upande. Karibu na uso zote zilikuwa zimelala upande mmoja, kama mpunga uliolazwa na upepo. Kila gurudumu lilipopita bila maji, chuma cha juu kilisogezwa kiasi kidogo mno, kisirudi tena, hadi uwezo wake wa kunyumbulika ukaisha na ufa ukafunguka kufuata tabaka zilizolala. Kisha maji yakaingia. Mzigo ulipopita juu ya ufa uliziba mdomo wake, maji yakabanwa ndani na kusukuma ncha ya ufa kwenda chini zaidi. Stewart Way alilieleza jambo hili tangu 1935. Mimi nilikuwa nikiuona mwendo wa maji yale ndani ya kipande nilichokishika mkononi, na siku hiyo niliwafikiria watu wanne wa Hatfield kwa namna ambayo taarifa za magazeti hazikuwahi kunifanya niwafikirie.

Jioni za Jumapili nilinunua kadi ya simu na kumpigia baba, Tabora. Baba alikuwa mnyapara wa genge la reli. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akitembea juu ya mataruma ya Reli ya Kati, nyundo begani. Nilimwamkia, akaniuliza habari za baridi, kisha akataka kujua ninachofanya hasa. Nilimweleza habari za nyufa. Alikaa kimya kiasi kwamba nilidhani kadi imekwisha.

"Mwanangu," alisema, "reli inayolika naiona. Kwenye kona inaliwa ubavu, naipima, tunaigeuza upande au tunaing'oa. Hiyo yenu isiyolika, inayopasukia ndani, nani ataiona?"

Nilimjibu kwamba kuna vipimo vya sauti, mawimbi yanayotumwa ndani ya chuma yakarudi na habari. Ni kweli vipo. Lakini nyufa nyingi zikipangana juu, zile ndogo huzuia wimbi lisizifikie kubwa, na kipimo hakisomi kilicho chini yake. Swali la baba lilikuwa zito kuliko jibu langu, nami nililipeleka maabara Jumatatu yake.

Kwa miongo mingi wahandisi wa reli walipigana na kulika. Kanuni ya Archard ya mwaka 1953 inasema kiasi cha chuma kinachopotea hufuata mzigo na umbali wa kusuguana, na hupungua chuma kikiwa kigumu. Basi reli zikafanywa ngumu zaidi na kona zikapakwa grisi, na kulika kukapungua kweli. Ambacho hakikuonekana mapema ni kazi ambayo kulika kulikuwa kukiifanya kimyakimya. Uso unaoondoka polepole huondoka na nyufa zake changa. Ukiuzuia kabisa usiondoke, nyufa zinapata muda wa kukua. Vile visahani vyetu vikavu, vilivyoonekana vibaya kuliko vyote, vyenye magamba na unga, ndivyo vilivyokuwa salama zaidi dhidi ya ufa mrefu. Nadhani hili ndilo jambo muhimu kuliko yote niliyojifunza katika chumba kile, na ninaamini kila anayesimamia reli anapaswa kulijua kabla ya kujua hesabu yoyote. Kinachotafutwa ni kiwango cha kulika kinachotosha kuula ufa kabla haujazama, na pale magurudumu yasipokula kiasi hicho, mashine ya kusaga reli inapita na kukiondoa: sehemu moja au mbili za kumi za milimita, kwa ratiba, reli ikiwa bado changa na nzima. Uingereza iliongeza sana usagaji wa reli baada ya Hatfield.

Nilirudi nyumbani na sanduku la vipande vilivyong'arishwa. Baba alivitazama kimoja kimoja kwa hadubini ndogo ya shule niliyoiazima, akauliza ni ipi reli ya kawaida na ni ipi ngumu. Ile ngumu aliirudia mara nyingi.

Sasa tuna reli nyingine. Tangu 2024 treni za umeme zinatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na nimezipanda kwa fahari isiyofichika. Njia ile inapita katika nchi ya kiangazi kirefu na masika: miezi ya ukavu, kisha mvua. Huo ndio mpangilio wa jaribio letu la tatu. Kwa hiyo wanafunzi wa uhandisi wanaponijia na hamu ya kusikia habari za kasi na umeme, nawauliza kwanza reli inasagwa lini na nani anaiweka ratiba. Kisha nawaonyesha namna ya kukata sampuli, kwa urefu, kufuata njia ya gurudumu, kwa sababu ufa wa namna hii hutambaa mbele ukiwa umelala, na ukiukata kwa upana utaona kidoa kifupi tu na kudhani reli yako haina tatizo.