Jua la Wati 250

Kwa kazi yangu nimeandika habari za bajeti, za mafuriko, za wakubwa waliotumbuliwa. Habari ya taa sijawahi kuandika. Leo naandika ya taa moja tu, iliyoning'inia sebuleni kwa mjomba wangu mjini Hamburg, juu ya tangi la kioo la sentimita 60 kila upande. Ndani ya tangi kuna maji ya chumvi kama lita 200, na ndani ya maji kuna matumbawe hai.

Mjomba ni mtu wa Tanga. Aliondoka kijana, akawa baharia, meli ikamtua Ujerumani akaoa na kustaafu hukohuko. Nilifikia kwao mwaka 2019 nilipokuwa nasoma shahada ya pili, na kwa miezi kadhaa nililala hatua tano kutoka kwenye hilo tangi. Basi nikajifunza bila kupenda.

Taa yenyewe ni ya metali halaidi, wati 250. Kama umewahi kukaa uwanja wa mpira usiku, umeme ukakatika na kurudi, halafu mkasubiri dakika kumi, kumi na tano gizani huku mnapiga miluzi, basi unaifahamu tabia yake. Ikizimika ghafla haiwaki tena mpaka ipoe. Hata ikiwa baridi haiwaki kwa pupa: inaanza na mwanga hafifu wa zambarau, kama mtu anayeamka, halafu baada ya dakika chache inakuwa jua kamili. Siku hizi wengi wamehamia taa za LED, hazili umeme mwingi wala hazichomi. Mjomba hataki kusikia. Anasema taa ya LED inamulika, lakini hii yake inachezesha mawimbi ya mwanga mchangani, vilevile kama chini ya ngalawa saa sita mchana. Nimeangalia. Ni kweli.

Siku ya kubadilisha globu nyumba nzima tunatulia. Globu huchoka kabla ya kuungua: baada ya mwaka hivi rangi yake inahama, na matumbawe yanajua kabla ya macho yetu. Mjomba anavaa glovu safi za pamba, kwa sababu mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo cha globu, pale ndipo patakapopata moto kupita kiasi na kupasuka. Anachagua ya kelvini 14,000, katikati ya nyeupe ya 10,000 na bluu ya 20,000. Mbele ya globu lazima kiwepo kioo cha kinga, maana aina hii ya ncha mbili inatoa miale ya urujuanimno inayounguza matumbawe na macho ya watu. Taa inakaa sentimita 30 juu ya maji: ukiishusha unachemsha, ukiipandisha unapoteza mwanga. Balasti inafungwa ukutani, mbali na maji. Waya unaachwa ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Baada ya hapo tumbawe jipya linawekwa chini kabisa, na kila baada ya siku chache linapandishwa kidogo. "Hata wewe ukitoka baridini hukai juani siku nzima," ananiambia.

Kuwasha ndiyo kazi rahisi. Kazi ni kupoza.

Tumbawe ni mnyama aliyepangisha. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa. Joto likizidi, ushirika unavunjika, mpangaji anafukuzwa. Rangi inaondoka naye na tumbawe linapauka. Halijafa bado, lakini limebaki na njaa. Tangi la Mjomba linataka nyuzi 25 au 26. Ikifika 30, tunaongelea msiba.

Julai ile joto lilivamia Ujerumani. Tarehe 25 sehemu za magharibi zilipita nyuzi 40. Hamburg haikufika huko, lakini nyumba zao zimejengwa kutunza joto, si kulitoa, na kiyoyozi hakuna. Kipimajoto cha tangi kilisoma 28.6 na taa ilikuwa haijawashwa.

Mjomba hakupaniki. Alifunga mapazia, akatoa mfuniko, akafunga feni mbili ndogo, zile za kompyuta, zipulize juu ya uso wa maji. Nilidhani ni mchezo. Akachukua kalamu. Taa ya wati 250 kwa saa nane ni uniti mbili za umeme. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la karibu theluthi mbili ya uniti. Kwa hiyo lita tatu zikipaa, zimebeba kazi yote ya taa siku nzima. Ila dirisha liwe wazi mvuke utoke, la sivyo chumba kinajaa unyevu na feni inapiga kelele bure. Na maji ya kujazia yawe yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki.

Halafu akahamisha mchana. Asubuhi ya matumbawe ikaanza saa kumi na moja jioni, na jua likawa linatua saa saba usiku, baridi ya nje ikisaidia. Mkaza mjomba akahamia kulala chumba cha nyuma na mto wake, akisema ameolewa na mwanamume, si na bahari.

Usiku wa tatu tulikaa wawili mbele ya kioo. Akanieleza jambo ambalo mama hakuwahi kunisimulia. Nyumba yao ya Tanga ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe. Baadaye wakaja wavuvi wa baruti. Akiwa mtoto aliusikia mlipuko kabla hajaona samaki wakielea. "Sisi tuliyajua kama mawe," alisema. "Nimekuja kujua ni wadudu wenye uhai nikiwa huku, mzee, kwenye duka la Mjerumani."

Tangi lilipona, isipokuwa tumbawe moja la matawi. Lilianza kupauka ncha, kisha shina, kwa muda wa siku nne. Mjomba aliliosha akaliweka dirishani, jeupe, zuri ajabu. Wageni wakija hulisifia na kuuliza alinunua wapi. Yeye huenda jikoni kuangalia chai.

Nilimaliza masomo nikarudi nyumbani. Mjomba sasa hawezi kubeba ndoo, mgongo umegoma, na kila tukipigiana simu nangoja aseme ameliuza. Hajasema. Tanga pia hataki kuja, ingawa nauli anayo. Badala yake huniuliza mimi, kila nikienda huko kikazi, maji yana joto gani.

Mwezi wa tatu nilikodi mtumbwi, nikafunga kipimajoto kwenye mshipi wa kuvulia na kukishusha juu ya mwamba. Kilisoma nyuzi 30. Nikamtumia. Jibu lake lilikuwa fupi: "Upepo upo?"

Nilitazama. Kaskazi ilikuwa imeisha, kusi haijaingia. Ilikuwa maleleji, bahari imelala kama mafuta na matanga ya wenzetu yananing'inia.

Nilimwandikia ukweli. Haupo.