Mlinzi wa Tarakilishi

Aajiriye bawabu hutaka kujua mambo mawili: je, ni mwaminifu, na je, hukesha? Tarakilishi yangu ya nyumbani imehifadhi alama za wanafunzi wangu na picha zote za marehemu mama. Niliponuia kuitafutia programu ya kuikinga na virusi, niliuliza maswali hayo hayo.

Mwenye duka aliisifu programu ya kulipiwa kila mwaka, na mshahara wa mwalimu ukanong'ona. Kijana jirani akaniletea hiyo hiyo bure, kufuli yake imevunjwa. Ajabu, msomaji wangu! Nani huajiri bawabu aliyeingia kwa kuvunja mlango? Nakala za wizi mara nyingi hubeba virusi tumboni. Nikachagua Defender, ambayo huja kama kinga kamili ndani ya Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012, bila malipo ya ziada.

Kukesha ndiko kuzito. Virusi vipya huzuka kila siku, na programu isiyopokea taarifa mpya kwa intaneti humjua mwizi wa jana tu. Mwezi wa Mei 2017 WannaCry ilifunga faili za watu katika nchi nyingi ikadai fidia. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kinga mwezi wa Machi, lakini mashine nyingi hazikuwekewa. Kwa hiyo bando langu humlisha bawabu kwanza, na flashi ya mgeni, hata ya mwalimu mwenzangu, hupekuliwa mlangoni.

Picha za mama nimezinakili pia katika diski nyingine. Hiyo hukaa kabatini, haikuunganishwa na mashine yoyote.