Moto na maji katika mtumbwi wetu

Mtu akipita ukingoni akaona watu wanawasha moto pembeni ya mtumbwi mpya, anaweza kusema hawa wanaharibu mali. Sivyo. Mtumbwi (au pirogi, kama wengi tunavyosema) ukishachongwa bado ni mwembamba, na moto ndio unaoufungua tumbo. Sisi wa Obokote tunajua, maana tulipasua mmoja kwa mikono yetu.

Tulikuwa vijana wanne. Tulichanga pesa tukanunua gogo, tupate mtumbwi wa kuvusha watu na mizigo yao kati ya mjini na Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Mzee wetu alishatuonyesha kazi: kumwaga maji ndani, kuwasha moto mdogo mdogo nje pande zote mbili, kugusa ubao kwa kiganja, kukingamisha vijiti ndani, kirefu baada ya kifupi, pole pole. Kazi ya siku nzima. Siku ile yeye alikuwa matangani, na sisi tukaona tunajua. Tukarundika kuni upande mmoja. Maji yakakauka, hatukuongeza. Tulipotia kijiti kikubwa tukasikia paa! Ufa kutoka kichwani hadi katikati. Pesa ya wanne ilienda hivyo.

Mzee aliporudi alitazama tu, halafu akasema: «Batoto, muti muliunyima mayi. Sasa ungejikunja namna gani?»

Maelezo tuliyapata baadaye kwa wenye kusomea miti. Nyuzi za mti zimeshikwa na kitu kama gundi, jina lake lignini. Mti ukiwa na maji, gundi hiyo inalegea karibu na digrii 100, na ukipoa inashika tena katika umbo jipya. Mti mkavu unadai moto mkali zaidi, na kabla haujalegea unaanza kuungua. Kumbe mzee alikuwa na kipimo chake kwenye kiganja.

Kuna na moto wa namna nyingine. Ufini, katika miaka ya 1990, walianza kuuza mbao zilizopashwa kiwandani kwa mvuke, digrii 180 hadi kupita 200, bila hewa nyingi ili zisiwake. Mbao hizo zinakuwa nyeusi-nyeusi, hazinywi maji sana, hazivimbi sana, na kuvu haizili upesi. Lakini nguvu inapungua, zinavunjika kirahisi, kwa hiyo hawazitumii kubeba uzito wa nyumba. Kwa kambala yetu hatuoni faida kubwa: huo una dawa yake mwilini tayari. Labda kwa miti myepesi inayooza haraka.

Mama zetu nao hawakutia mpini wa jembe motoni. Waliuweka juu ya jiko, kwenye moshi, miezi na miezi, ukauke bila kupasuka. Ukizidisha moto unapata makala, basi.

Ule mtumbwi tuliupigilia bati na misumari, tukautumia karibu na ukingo tu, mmoja wetu akiwa na kopo la kutolea maji. Gogo la pili tulilipata baada ya mwaka. Tulipolifungua, mzee alikaa kwenye kiti chake pembeni, hakusema neno. Aliangalia ndoo tu, kama tunachota.