Mwandiko Mzuri

Nina mwandiko mzuri. Sisemi hivi kwa kujisifu, msomaji wangu, maana ndio ulioniponza. Tangu shule ya msingi walimu walikuwa wakiniita mbele niandike ubaoni, na nilipomaliza kidato cha nne nikaambulia daraja la nne, mwandiko huo ndio kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumwonyesha mtu. Mwaka 2018 ulinipatia kazi ya ukarani wa stoo katika mgodi mdogo wa dhahabu mkoani Geita. Bosi alinipa karatasi niandike jina langu, akaitazama, akasema, "Basi, kesho anza."

Kwa asiyeijua migodi midogo, nieleze kidogo. Mawe hulipuliwa chini duarani kwa baruti, yakapandishwa juu, yakasagwa. Dhahabu ya kwanza hukamatwa kwa zebaki. Mchanga unaobaki, ambao sisi tunauita marudio, bado una dhahabu ndogo isiyoonekana kwa macho. Huo hujazwa kwenye matangi ya saruji na kumwagiwa maji yenye sayanaidi. Sayanaidi huiyeyusha dhahabu, maji yakapita kwenye kaboni, kaboni ikaikamata. Kwa hiyo ndani ya uzio mmoja tulikuwa na vitu viwili vya kuua, kimoja kwa kelele na kingine kimya kimya. Funguo za vyote viwili nilikuwa nazo mimi, kijana wa miaka 21.

Kuandika nilikuwa siandiki. Mlipuaji alikuja akachukua baruti na fataki za kuiwashia, nikatia alama kwenye kipande cha boksi, na jioni boksi lenyewe likawashiwa moto wa chai. Fataki hazitakiwi kulala chumba kimoja na baruti, kila kimoja na stoo yake. Sisi tulikuwa na stoo mbili kweli, ila ya pili bosi aliweka saruji na pikipiki yake.

Siku moja mwezi wa nne mwaka 2019 ikaja habari kwamba wakaguzi wa madini watafika kesho yake. Lo! Jioni ile pikipiki ikatolewa, fataki zikahamishwa, uwanja ukafagiliwa kama wa harusi. Bosi akaniletea daftari jipya. "Karani, jaza kuanzia Januari. Wewe si ndiye mwenye mwandiko?" Nikakaa na taa ya sola mpaka saa nane za usiku. Nilitunga tarehe, nikatunga idadi, nikaandika chokaa imewekwa kwenye matangi kila siku, nikaandika ukuta wa bwawa la marudio uko katika hali nzuri. Palipotakiwa sahihi ya mlipuaji, niliweka kwa mkono wa kushoto. Nakiri nilijiona hodari.

Walikuja watu watatu. Mkubwa wao alikuwa mzee wa makamo, mpole, viatu vimejaa vumbi. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye matangi. Akachovya karatasi ya kupimia. Rangi ikasimama kwenye 9.

"Kijana, hapa panatakiwa pasipungue 10 na nusu. Chokaa iko wapi?"

Chokaa ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Nikakaa kimya.

"Unasikia harufu yoyote?"

"Hapana, mzee."

"Wapo wanaosikia kama harufu ya lozi chungu, na wapo wasioisikia kabisa. Walivyozaliwa tu. Chokaa ikipungua, sayanaidi inageuka hewa. Ndiyo maana hatutegemei pua."

Palepale nikawakumbuka wenzangu wawili waliokuwa wakishika majembe ndani ya tangi hilo wiki nzima, mmoja akilalamika kichwa kinamgonga. Tulimcheka, tukasema ni gongo ya jana.

Bwawani akatia kidole kwenye ufa wa ukuta, hakusema neno. Baadaye sana nilisoma habari za Baia Mare, Romania, ambako Januari 2000 ukuta wa bwawa la namna hiyo ulibomoka, na meta za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sayanaidi zikaingia mitoni mpaka mto Danube, samaki wakafa kwa matani. Ufa wetu mimi nilikuwa nimeuandika "hali nzuri", kwa herufi za mviringo.

Tukafika stoo. Mzee akafungua daftari langu, akafunua taratibu.

"Mwandiko mzuri sana," akasema. "Lakini daftari la stoo huwa na alama za vidole, mwanangu. Hili halina hata doa. Miezi mitatu, peni moja."

Kisha wakahesabu. Daftari lilisema fataki 86. Sandukuni zilikuwa 72.

Bosi akaruka, "Vijana hawa bwana, hawajui hesabu!" Akanitazama. Nilijua ananitaka niseme ndiyo, nimekosea. Ningesema hivyo, ningelaumiwa kidogo na kazi ningebaki nayo. Lakini nilikuwa nikiwaza zile 14. Mama ntilie wetu alikuwa na mtoto wa miaka mitano, aokotaye kila kinachong'aa.

"Nimeandika jana usiku," nikasema. "Lote."

Mgodi ulifungwa siku ileile mpaka kasoro zirekebishwe. Wenzangu walikaa majuma bila posho, na si mmoja aliyenishukuru. "Umetumwagia unga," waliniambia, na kweli nilikuwa nimeumwaga. Mimi mwenyewe niliondoka bila mshahara.

Fataki 11 zilipatikana jioni ile kwenye kopo la siagi ndani ya kibanda cha mlinzi, hatua chache kutoka jikoni kwa mama ntilie. Babu yule alidhani ni vyuma chakavu vya kuuza.

Tatu hazikuonekana.

Sasa nauza duka la vifaa Katoro. Kila kitokacho nakiandika palepale, hata mikono ikiwa na mafuta, na daftari langu linatia kinyaa kulitazama. Wateja hucheka. Lakini nikisikia mtoto kaumia mkono mahali fulani, kabla sijauliza ni wa nani, huwa nauliza kwanza ameumizwa na nini.